Bahasha imepotea, kitasa ni kizima: nimfukuze mzee wa getini?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 28, naishi Buhongwa, Mwanza, na huu ni mwaka wa pili nasimamia nyumba ya kaka yangu iliyoko Bwiru. Kaka yuko Dar na kazi zake. Nyumba aliijenga akijua siku moja atarudi kuishi, baadaye akaona ikae bure ya nini, tukaigawa apatimenti tatu, tukaweka vitanda, majiko na televisheni, tukaanza kupokea wageni wa siku mbili tatu. Ya juu ndiyo inayogombaniwa, maana ukifungua dirisha asubuhi unaliona ziwa na mitumbwi inavyorudi. Tunatoza elfu themanini kwa usiku. Tangu Januari mwaka jana hiyo ya juu peke yake imepokea wageni arobaini na kitu.

Kinachoninyima usingizi ni funguo. Mlango wa juu tuliufunga silinda mpya, kile kiini cha kitasa kinachoingia ufunguo, hiyo hiyo Januari, ikaja na funguo tatu. Mmoja ninao mimi, mmoja anao mzee anayetulindia geti, anauweka kwenye kopo la maziwa kibandani kwake, na mmoja ni wa mgeni. Tulienda vizuri mpaka mwezi wa sita, mgeni mmoja akapanda meli ya Bukoba na ufunguo mfukoni. Akanipigia, akaomba radhi, akasema atautuma kwa basi. Nasubiri mpaka leo. Nikaenda mjini kuchonga mbili, mmoja wa wageni, mwingine nikampa dada wa usafi asiwe ananisubiri mimi kila siku. Kaka alipokuja Nanenane akachonga na wake, akasema hawezi kubisha hodi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Halafu kuna suala la muda. Mgeni anakwambia atafika saa mbili usiku, basi linaingia Nyegezi saa nane. Mimi nipande boda kutoka Buhongwa nivuke mji mzima hadi Bwiru, nimfungulie, nirudi, na saa mbili asubuhi nina kazi nyingine. Nikishindwa kabisa namwambia mzee amfungulie. Vivyo hivyo na mafundi. Bomba la bafuni lilipopasuka mwezi wa tisa, dada wa usafi alimwachia fundi ufunguo wake akaurudisha kesho yake. Na dalali mmoja anayetuletea wateja niliwahi kumpa ule wa wageni akaonyeshe watu, akakaa nao siku mbili ndipo akaurudisha kwa boda.

Sasa wiki moja kabla ya Krismasi tulimpokea baba mmoja na mkewe, wamekuja harusini. Usiku wa pili wametoka kwenye send-ofu, wanafika chumbani, bahasha yenye laki tatu na nusu, hela ya kamati, haipo begini. Laptopu ipo. Hereni za dhahabu za mama zipo. Mlango ulikuwa umefungwa, kitasa kizima, dirisha zima. Baba wa watu alipiga kelele mpaka majirani wakawasha taa. Nikampigia kaka, simu ikiwa kwenye spika, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Ni huyo mzee. Nani mwingine ana ufunguo?" Na mimi, mbele ya wale wageni, nikamwomba mzee kopo lake, kisha nikamwambia ageuze mifuko. Hakusema neno. Akageuza. Mlikuwa na tumbaku, simu ya tochi na shilingi elfu mbili na mia tano.

Mgeni nilimlipa laki tatu na nusu yake kutoka mfukoni mwangu ili yaishe. Kaka anataka mzee aondoke mwisho wa mwezi huu, tuweke vitasa vya kisasa vya kubonyeza namba. Wapo na wanaosema tumpeleke mzee kwa mtaalamu, yaani mganga, akaangaliwe.

Shangazi, mzee huyu yuko pale miaka sita, tangu nyumba ikiwa msingi. Alikuwa ananiita "mayu", mama kwa Kisukuma. Siku hizi ananiita "bosi".

Nimwache aende? Na hivyo vitasa vya namba, kweli vitamaliza haya mambo?

Mchovu wa Funguo, Buhongwa

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa laki tatu na nusu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Kaka yako ameuliza nani mwingine ana ufunguo. Haya, tumjibu. Unao wewe. Anao mzee. Anao dada wa usafi. Anao kaka mwenyewe, aliyeona hodi ni taabu. Walikuwa nao wale wa harusini. Na anao yule wa Bukoba, ambaye kwa maneno yako mwenyewe hajaurudisha. Hizo ni funguo sita za mlango mmoja. Juu yake weka fundi bomba aliyelala nao usiku mmoja, dalali aliyeukalia siku mbili, na boda aliyeubeba. Mikono tisa. Bado sijawagusa wageni arobaini, ambao kila mmoja alizunguka na ufunguo wako mjini, akipita mbele ya wachonga funguo wanaomaliza kazi kabla hujamaliza soda. Na silinda ni ile ile ya Januari. Mtu aliyelala kwako mwezi wa tatu angeweza kuingia Disemba, akakaa kitandani, akahesabu hela, akatoka na kufunga mlango kwa adabu zote.

Katika wote hao, mifuko iliyogeuzwa ni ya mtu mmoja. Mlimshika aliyekuwa karibu, aliye maskini, na ambaye kazi yake haimruhusu kubisha.

Sijasema mzee hakuchukua. Nasema kwa jinsi mlivyokuwa mnaishi na funguo zenu, hata malaika akishuka hawezi kuwaambia nani alichukua. Tena yupo mtu wa kumi ambaye hujamfikiria: bahasha yenyewe. Imetoka kwenye kamati, ikapita kwenye send-ofu, usiku, na vinywaji juu. Niliendesha vyumba vya wageni pale Kirumba miaka kumi na miwili, na nimeshuhudia bahasha "iliyoibiwa chumbani" ikipatikana kwenye droo ya gari la shemeji. Ndiyo maana kilio kama hicho hakijibiwi kwa kutoa hela papo hapo. Kinajibiwa kwa kwenda kituoni pamoja na mgeni, asubuhi hiyo hiyo, mkachukua RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Mwenye haki huenda. Ambaye bahasha yake ina maswali huanza kukumbuka kwamba ana safari. Ulipolipa, uliandikishana naye popote? Nahisi hapana. Mtafute kwa simu, kwa upole, akutumie hata ujumbe mfupi kwamba alipokea kiasi fulani tarehe fulani.

Sasa mzee. Watu wanauona ufunguo kama heshima. Fulani ameaminiwa, kapewa ufunguo. Mimi nauona kama deni. Siku kitu kikipotea, aliye nao ndiye wa kwanza kudaiwa. Ulimpa mzee ufunguo ili wewe usisafiri usiku, ukamlipa mshahara ule ule wa geti, na hukumpa hata daftari la kumtetea. Kwa hiyo usimfukuze, na ufunguo usimrudishie. Mlinzi asiye na ufunguo wa chumba hawezi kusingiziwa chumba. Hilo mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo, asije akadhani amenyang'anywa.

Lakini usianze na hayo. Anza na radhi. Nenda asubuhi, mwenyewe, si kwa simu. Salimia Kisukuma hata kama chako ni cha kubabaisha. "Mwangaluka" inatosha kuanzia. Kaa kwenye benchi lake, usimwite aje ulipo. Mwambie, "Mzee wangu, usiku ule nilikukosea. Nilikukagua mbele za watu na sikuwa na sababu." Ukifika hapo nyamaza. Ukitia neno "lakini" umeharibu. Anaweza asijibu kitu, akakuuliza tu mvua za kwenu Buhongwa zikoje. Mjibu habari za mvua. Kaka naye ampigie, maana tusi lilitoka kinywani mwake na lilisikika na wageni. Na hayo ya mtaalamu, yeyote atakayeyataja tena mwambie Shangazi amekataa. Mzee kusemwa kwamba "ameangaliwa" ni kumharibia jina mtaa mzima, na jina la hivyo huku kwetu linaweza kumtoa mtu roho.

Tuje kwenye chuma.

Kabla hujamaliza wiki hii, ile silinda itoke. Huhitaji kununua kitasa kizima wala kumlipa fundi. Fungua mlango, tazama ubavuni mwake pale ulimi wa kitasa unapotokeza. Chini yake, usawa wa tundu la ufunguo, kuna skrubu moja ndefu. Ifungue yote. Ingiza ufunguo, uzungushe kidogo sana huku unavuta taratibu kuja kwako. Ukigota, rudisha kidogo, jaribu tena. Kuna sehemu moja tu kile kidude cha katikati kinakaa sawa na mwili wa silinda, na ukiipata silinda yote inatoka mkononi kama jino lililolegea. Nenda nayo dukani, usiende na kipimo cha kichwani. Silinda hazilingani urefu, na upande wa ndani na wa nje kutoka kwenye tundu la skrubu unaweza kutofautiana. Ikiwa ndefu ikachomoza sana nje ya mlango, mtu anaishika na koleo, anaivunja katikati, anaingia. Isizidi bamba la kitasa kwa zaidi ya milimita mbili tatu.

Chagua yenye kishikio cha kuzungusha upande wa ndani badala ya tundu. Nitakwambia kwa nini, na hili ndilo ambalo linanitisha kuliko bahasha. Najua nyumba zetu: mlango wa mbao, halafu grili, na grili ina kufuli. Mgeni akishaingia anajifungia grili kwa ndani, ufunguo anautupa popote, kwenye suruali, chini ya mto, kwenye mfuko wa mchele. Moto ukianza jikoni saa tisa usiku, umeme umekatika, mgeni hata nyumba haijui, aanze kupapasa ufunguo? Mlango wa mtu aliyelala lazima ufunguke kwa ndani kwa mkono mtupu. Grili hiyo iwekee komeo la ndani lisilohitaji ufunguo, na lisifikike na mkono wa mtu wa nje. Mafundi wa kuchomelea wa mtaani kwako wanaliweza kwa nusu siku. Faida nyingine ya kishikio: kwenye silinda za kawaida, mgeni akiacha ufunguo ndani akafunga, wewe wa nje ufunguo wako unaweza kugoma kuingia. Yamenikuta, na mgeni alikuwa bafuni anaimba.

Nunua silinda tano kwa milango yako mitatu. Tatu zifanye kazi, mbili zikae kwenye droo ya kwako Buhongwa, kila moja na funguo zake kwenye mfuko wa nailoni wenye alama. Ufunguo ukipanda tena meli ya Bukoba, huendi kuchonga. Unabadilisha silinda, dakika kumi, na ule uliopotea unabaki kuwa pambo. Silinda moja ya kawaida haifiki hela unayomtoza mgeni kwa usiku mmoja, kwa hiyo mgeni aliyepoteza ufunguo mtoze hiyo silinda, na aambiwe kabla hajalipa, isije kuwa habari mpya wakati wa kuondoka.

Na hivi vitasa vya namba alivyovisikia kaka. Ni vizuri, navisifu, ila kwa mlango wa juu kwanza, ujifunze nao. Uzuri wake ni kwamba ufunguo unakuwa na siku ya kufa. Unampa mgeni namba inayoanza saa nane mchana anapoingia na kukoma saa nne asubuhi anapotoka, dada wa usafi ana yake ya mchana tu, fundi anapewa ya muda wa saa mbili tu, na kitasa kinaandika namba ipi iliingia saa ngapi. Ungekuwa nacho Disemba, ungejua mlango ulifunguliwa na namba ya nani, na mzee angekuwa amekaa kwenye benchi lake anavuta tumbaku yake kwa raha.

Ila usinunue kwa kuvutiwa na rangi. Muulize muuzaji, namba za muda zinatengenezwa hata mlangoni pasipokuwa na intaneti? Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, mwenye kitasa kinachotegemea mtandao kwa kila kitu alirudi kwenye ufunguo wa chuma. Vipo vinavyopiga hesabu ya namba vyenyewe bila mtandao, tafuta hivyo. Umeme wa TANESCO hauhusiani navyo, vingi vinatumia betri ndogo nne zile za rimoti, na ukiweka zile za bei ya chini kabisa utarudi kunililia. Weka alkalaini, na kitasa kinapoanza kulia kuashiria betri zinaisha usiseme nitanunua Jumamosi. Hakikisha kina sehemu ya nje ya kukipa chaji ya dharura, na tundu la ufunguo wa kawaida lililofichwa. Ufunguo huo ukae kwako, kamwe usikae kwenye nyumba hiyo. Na fundi akishamaliza kukifunga, akishaondoka kabisa getini, badilisha namba kuu. Namba ya kiwandani anaijua yeye, anaijua kila mtu aliyesoma kile kijitabu.

Kwa zile apatimenti mbili za chini, ukitaka nafuu, weka kisanduku cha funguo cha kufungua kwa namba, kile kinachopigwa boliti ukutani. Kiweke ndani ya geti, pembeni, pasipoonekana barabarani. Hapo kuna mtego ambao wauzaji hawausemi. Vile vya kubonyeza vitufe, vingi havijali umebonyeza kwa mpangilio gani. 1-4-7-9 na 9-7-4-1 kwake ni kitu kimoja. Kwa namba nne kati ya kumi, maana yake michanganyiko ni 210 tu, na kijana mwenye subira na usiku mrefu anaimaliza. Chukua cha magurudumu manne yanayozunguka, hicho kina michanganyiko 10,000. Na namba ibadilike kila mgeni anapotoka. Kila mgeni! Kisanduku chenye namba ile ile toka Januari ni lile kopo la maziwa, tofauti ni rangi.

Wageni wa usiku hawataisha, watazidi. Tangu Daraja la John Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, mtu wa Geita au Bukoba hana tena habari ya kusubiri kivuko, anaondoka kwake anapojisikia, anafika kwako anapofika. Mabasi ya Dar nayo usiku yanatembea. Wewe binti wa miaka 28 kukatiza mji saa nane usiku nyuma ya boda, na bunda la funguo za watu mkobani, hiyo iishe leo. Kwa namba au kisanduku mgeni anajifungulia. Kazi ya mzee iwe moja: jioni unamtumia dada wa usafi au unampigia mzee mwenyewe jina la mgeni, wako wangapi na wanatoka wapi. Mgeni akifika mzee anamuuliza jina kabla ya kumtajia. Akisema "eti wewe ndiye fulani?" hata mwizi atasema ndiye. Wakija watano badala ya wawili, mzee anakupigia, ulale na simu karibu.

Asubuhi daftari. Gesti ya elfu kumi inaandika wageni, nyumba ya elfu themanini ikose? Jina, namba ya kitambulisho, anakotoka, anakokwenda, simu, siku ya kuingia na kutoka, na ufunguo namba ngapi. Sehemu ya pili ya daftari iwe ya funguo peke yake: nani kachukua, saa ngapi, karudisha saa ngapi, sahihi. Hata wewe utie sahihi. Lakini lisikae wazi mezani kila mtu asome simu za wenzake, na picha za vitambulisho zisirushwe kwenye grupu la familia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama isingekuwepo, utu upo. Kaka akitaka kamera, iwe getini, na mgeni aambiwe ipo. Ndani hapana. Kama mnatangaza kupitia Airbnb, wao wamepiga marufuku kamera za ndani tangu tarehe 30 Aprili 2024, hata sebuleni, hata ikiwa imezimwa.

Fundi hapewi ufunguo, anafunguliwa na anakaliwa. Dalali vivyo hivyo. Akileta mteja dada wa usafi anawafungulia, anasimama mlangoni.

Limebaki gumu zaidi, kaka. Ufunguo wake naye arudishe. Ni mkubwa wako na nyumba ni yake, kwa hiyo usimwendee na hoja ya kumnyang'anya. Mwambie, "Kaka, siku ukija nitakupokea mwenyewe, chumba kikiwa kimetandikwa." Akikaza, mkumbushe kwamba amekwisha pokea elfu themanini za mgeni, na kwa usiku huo chumba si chake. Siku atakapoingia na ufunguo wake akamkuta mama wa watu amejifunga khanga, hakuna kitasa cha kisasa kitakachowaokoa. Mtumie na hesabu yangu ya mikono tisa. Wanaume wa Dar wanapenda takwimu.

Nisahau nini? Ah, vishikizo vya funguo. Wageni wako wanapanda boti kwenda kisiwa cha Saanane, wanainama kumwangalia samaki, ufunguo chubwi. Nenda Mwaloni, waulize wauza nyavu maboya madogo, yale ya kuelea. Toboa, pitisha kamba ya nailoni, funga ufunguo mmoja. Nimejaribu kwenye ndoo, unaelea vizuri. Funguo tatu kwenye boya moja dogo zinazama. Tena boya halikai vizuri mfukoni, linamchokoza mgeni mpaka anakumbuka kulirudisha. Usiandike jina la nyumba wala mtaa juu yake, paka rangi tu: jekundu ni juu, la bluu ni chini kushoto. Na tundu likianza kukaza kwa unyevu wa ziwa, usitie mafuta ya kupikia kama mlivyozoea, yanashika vumbi na kuganda. Kwangua risasi ya penseli, pulizia ule unga ndani, ingiza na kutoa ufunguo mara kadhaa.

Silinda zote tatu za zamani na funguo zake, pamoja na ule wa kopo la maziwa, mpe mzee akawauzie wa vyuma chakavu. Nyingi huwa za shaba, nayo wanainunua kwa bei nzuri kuliko chuma. Hela ibaki kwake, na usimuulize ilikuwa ngapi.

Shangazi